Rivolva Mpya Imeadimika: Nisubiri, au Nichukue ya Magazini?

"Shikamoo mwalimu wa shabaha. Mimi ni mama wa miaka 53, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Mwaka jana nilivamiwa nikifunga duka, na baada ya kuhangaika na makaratasi Bodi ya Leseni za Silaha imenikubalia bastola. Marehemu baba alikuwa na rivolva ya Kiingereza, bastola ya silinda inayozunguka, ile ya kukunjuka katikati, nami nataka ya namna hiyo lakini mpya. Nimezunguka maduka matatu. La kwanza wana Ceska na Glock tu, bastola za magazini, yaani zenye kibebeo cha risasi kinachoingia mpinini. La pili wameniambia rivolva hazitengenezwi tena. La tatu wanataka arubuni ya nusu bei nisubiri mzigo. Halafu kuna kijana ameniambia anayo mpya, ndani ya kasha lake, na hatanizungusha na karatasi. Je, nisubiri, ninunue iliyotumika, au nichukue hizi za magazini? Bastola ya baba tuliirudisha polisi alipofariki, ila risasi zake kumi na kitu zimebaki kwenye kikopo cha biskuti. Zitafaa kwenye hiyo mpya?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa yaliyokukuta. Umeniuliza mengi na hicho kikopo umekitaja mwisho, kama kitu kidogo. Mimi nitaanza nacho, maana katika yote uliyoandika ndicho kinachoweza kukufikisha mahakamani kabla hata hujanunua chochote.

Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, haitofautishi bunduki na risasi. Kukaa na risasi bila cheti kinachozitaja ni kosa, hata kama ziliachwa na marehemu, hata kama zimeota ukungu. Wala kibali ulichopewa hakizifuniki, kwa sababu cheti huandika ni silaha ya aina gani na ni risasi ngapi unaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Za baba hazimo humo. Lakini usizitie kwenye mkoba ukapanda nazo tuktuk kwenda kituoni. Ukisimamishwa njiani utakuwa mtu aliyekamatwa na risasi, na maneno ya kwamba ulikuwa unakwenda kuzisalimisha hayatakuwa na shahidi. Mpigie OCS, mkuu wa kituo cha polisi, au wakili wako ampigie, aeleze kitu kiko wapi, askari aje azichukue hapo nyumbani na iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Nambari ya OB iweke pamoja na karatasi zako za bodi. Fanya hilo wiki hii.

Na kufaa, hazitafaa. Rivolva za Kiingereza zinazokunjuka kiunoni ni Webley na Enfield. Webley kubwa za zamani zilikula risasi nono ya .455 (kipimo cha unene kwa inchi), Enfield iliyokubaliwa jeshini mwaka 1932 ilikuja na .38 fupi. Hapo ndipo watu wanapopotea. Wanasikia ".38" wanadhani ni moja, kumbe ganda la ile ya Kiingereza lina urefu wa milimita 19 na ushei, na la .38 Special, ambayo ndiyo inayoliwa na rivolva za leo, linakaribia milimita 29 na ni jembamba kidogo. Ganda fupi nene haliingii kwenye tundu refu jembamba, na likiingia kwa kulazimishwa ni balaa. Kwa hiyo "ya namna ya baba, lakini mpya" acha kuitafuta. Webley waliacha kutengeneza silaha za moto mwaka 1979. Rivolva za kujilinda zinazotoka viwandani leo karibu zote silinda yake hufunguka ubavuni. Utamu ule wa kuikunjua na maganda sita kuruka kwa pamoja, ambao najua ndio unaoukumbuka, hautaupata dukani.

Aliyekwambia rivolva hazitengenezwi tena amekosea, au alikuwa na Ceska kabatini anayotaka iondoke. Smith & Wesson wanatengeneza, Ruger wanatengeneza, Taurus wa Brazil wanatengeneza, na huko Brno, katika Jamhuri ya Cheki, Alfa Proj nao wanatengeneza. Colt, ambao kweli waliwahi kuachana nazo, walirudi sokoni na Cobra mwaka 2017 na Python mwaka 2020. Kampuni haifufui kitu kisicho na mnunuzi. Rivolva zipo, kilichokosekana ni rivolva kwenye rafu za huku kwetu, na hilo lina sababu zake.

Sababu ya kwanza iko ndani ya chuma chenyewe. Bastola ya magazini ya siku hizi, hasa yenye mwili wa plastiki ngumu, imebuniwa ili kipande cha moja kiingie kwenye nyingine bila fundi kukigusa. Rivolva haijakubali kabisa kuwa hivyo. Unapovuta triga, kidole kidogo cha chuma huisukuma silinda izunguke, kizuizi huinuka kuikamata, na nyundo inapoanguka tundu linatakiwa liwe limenyooka na mtutu. Likipishana kwa unywele, risasi inakwangua mdomo wa mtutu na kurusha vipande vya risasi pembeni. Kati ya silinda na mtutu kuna uwazi, lazima uwepo ili silinda izunguke, na kipimo chake ni kama robo ya milimita kushuka hadi sehemu ya kumi ya milimita. Chukua karatasi ya kawaida ya daftari: uwazi huo ni wa karatasi moja, mbili zikizidi. Silinda ina matundu matano au sita, na kila tundu lazima litimize masharti hayo hayo. Viwanda vimeongeza mashine, ndiyo, lakini bado kuna mtu anayekaa na tupa ndogo na kupima. Nilifanya kazi ya fundi wa silaha miaka mingi, na nakuambia, bastola tano za magazini nilikuwa nazirudisha kazini kabla rivolva moja korofi haijanitoka mezani.

Sababu ya pili ni wanunuzi wakubwa. Zamani kiwanda cha rivolva kilikuwa na polisi wa Marekani kama mteja wa uhakika. Kuanzia miaka ya 1980 kuingia ya 1990 polisi hao walihamia kwenye bastola za magazini, na viwanda vikahamisha mashine kufuata pesa. Rivolva ikabaki ya raia. Marekani ilipokumbwa na pupa ya kununua silaha mwaka 2020 na 2021, viwanda vya risasi vilikazana na milimita 9, ile ya bastola za magazini, inayotakiwa na wengi, na .38 Special ikaadimika hata kwao wenyewe. Kama kwao ilikuwa shida, mzigo wa Mombasa ungetoka wapi?

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye duka la silaha Nairobi, ambako biashara hii imejikusanya. Yeye si kama wewe unayeagiza mabati leo na kesho yakaja mengine. Kila mzigo una kibali cha kuingiza, na upande wa pili muuzaji naye anahitaji kibali cha serikali yake kutoa. Oktoba 2023 Marekani ilisimamisha kutoa vibali vipya vya kuuza silaha za kiraia katika nchi nyingi. Walisema siku 90, ikaenda hadi Mei 2024 kanuni mpya zilipoanza kutumika. Mtu aliyekuwa amelipa arubuni wakati huo alisubiri na kusubiri, na mwenye duka hakuwa mwizi. Ongeza hapo kwamba wateja wake wengi wanataka milimita 9, risasi ambayo hata kiwanda chetu cha Eldoret kinaitengeneza, wakati .38 lazima ivuke bahari. Mwenye duka akiwa na pesa ya bastola kumi, ataleta Ceska tisa na rivolva moja, na hiyo moja huwa ina mwenyewe tangu haijapanda ndege. Ndiyo maana huioni kwenye kabati la kioo.

Ukitaka rivolva mpya, basi, hutaikuta kwa kuzunguka madukani. Utaiagiza. Arubuni si kosa, ila nusu bei kwa neno "mzigo" ni kidogo sana cha kushika. Muulize muuzaji maswali yanayomlazimisha kujibu: kibali cha kuingiza tayari kiko mkononi au bado kinaombwa? Ni kampuni gani, modeli gani, kipimo gani cha risasi, mtutu wa urefu gani? Akishindwa kuandika hayo kwenye risiti, hajaagiza chochote. Tarehe ya kurudishiwa pesa iandikwe. Na uliza kuhusu risasi zenyewe, kama anazo leo. Bastola isiyo na risasi za kufanyia mazoezi ni pambo. Kitu kingine wengi hawakijui: rivolva ya .357 Magnum hula pia .38 Special, kwa hiyo ukipata hiyo huna haja ya kuikataa, mradi karatasi zako zinaruhusu. Kinyume chake hapana. Ganda la .357 lilirefushwa makusudi lisiingie kwenye ya .38.

Nimesema karatasi zako. Isome upya barua ya bodi. Kama imetaja aina au kipimo, usilipe hata shilingi kwa kitu tofauti kabla ya kurudi kwa afisa wa leseni na kupata badiliko kwa maandishi. Waliokuwa na silaha kabla ya Desemba 2018 wanakumbuka serikali ilipoamuru kila raia mwenye silaha ahakikiwe upya. Mwenye karatasi zilizolingana na nambari ya chuma chake hakuwa na la kuogopa.

Kijana wa kasha sitamzungumzia sana. Silaha isiyo na karatasi leo haitaota karatasi kesho. Nambari yake haiwezi kuingia kwenye cheti chako, na hujui imeshafyatuliwa wapi na nani. Inaweza kuwa ya wizi. Inaweza kuwa bastola ya baruti tupu, ya mlio tu, iliyotobolewa na fundi wa uchochoroni, ikupasukie mkononi. Na ukumbuke yeye hana cha kupoteza, mwenye kibali ni wewe. Usijadiliane naye bei hata kwa mzaha, na siku unayozungumza na OCS habari za kikopo, mtaje.

Iliyotumika ni njia halali na mara nyingi nzuri, ikipitia kwa muuzaji aliyesajiliwa na uhamisho ukaandikwa. Rivolva iliyotunzwa huishi kuliko mwenyewe. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji aifungue mbele yako, muone wote wawili kwamba matundu ni matupu, na mtutu uelekee pasipo na mtu. Tazama anavyoifunga. Akiitikisa mkono silinda ikajipiga yenyewe ndani, kama kwenye sinema, mshukuru na uondoke. Ufungaji huo unapinda mkono mdogo unaobeba silinda, na kama anafanya hivyo mbele ya mteja ujue ameshafanya mara mia. Iinue kwenye mwanga utazame ule uwazi niliousema: mwanga uwe uzi mwembamba, ulio sawa juu na chini. Kwa ruhusa yake vuta triga polepole hadi nyundo ianguke, na usiiachie. Ukiwa bado umeishikilia, jaribu kuitikisa silinda. Kucheza kidogo ni kawaida, kugongagonga kama jino bovu si kawaida. Rudia kwa kila tundu, maana tundu la nne linaweza kuwa na ugonjwa usioonekana kwenye la kwanza. Nambari ya kwenye fremu, ya kwenye kasha na ya kwenye karatasi ziwe moja.

Na hapa niwatetee wauzaji. Watu wakiona masizi kwenye matundu mawili ya rivolva wanayoambiwa ni mpya, wanapiga kelele kwamba wametapeliwa. Si lazima. Viwanda huijaribu silaha kabla ya kuitoa, na nchi kama Cheki na Ujerumani sheria yao hudai kila silaha ifyatuliwe kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, kisha igongwe muhuri. Masizi kidogo na muhuri uliokaa vizuri ni dalili ya kiwanda makini. Mstari wa mkwaruzo uliozunguka silinda nzima na ukang'aa kama pete, huo ndio unaosema imezungushwa sana.

Sasa nikwambie kitu ambacho maduka matatu hayakukuambia. Pengine hutaki rivolva.

Kuna dhana iliyoota mizizi kwamba rivolva ni silaha ya mwanamke, kwa kuwa huhitaji nguvu ya kuikoki, yaani kuvuta nyuma chuma cha juu kama kwenye ya magazini. Nusu ni kweli. Haijami kirahisi, haina magazini ya kuchomoka, na risasi ikigoma unavuta tena na tundu jingine linakuja. Lakini ile nguvu uliyookoa kwenye kukoki unailipa kwenye triga, kila risasi. Triga ya rivolva ambayo nyundo yake haijavutwa nyuma kwanza huvutwa kwa uzito wa kama kilo tano. Jaza maji kidumu cha lita tano ukibebe kwa kidole cha shahada peke yake, utanielewa. Bastola yenyewe, zile ndogo nyepesi unazoonyeshwa kwa sababu zinaingia kwenye pochi, ina gramu 400 na kitu. Kilo tano zinavuta kitu cha nusu kilo: mtutu unayumba, na mpigaji mgeni hukosa dirisha akiwa chumbani. Na kwa kuwa ni nyepesi, inapiga teke. Wanafunzi wangu wengi wenye bastola hizo walifyatua risasi tano siku ya kwanza, wakasugua kiganja, wakatafuta kisingizio cha kuondoka. Triga ya Glock ni nusu ya uzito huo. Na kukoki si nguvu kama watu wanavyodhani. Shika sehemu ya juu kwa kiganja kizima, siyo kwa ncha za vidole, iweke imara, kisha mkono ulioshika mpini ndio usukume mbele. Nimemfundisha bibi wa miaka 67 mwenye baridi yabisi, asubuhi moja akajua.

Ukisema bado moyo uko kwa rivolva, sina ugomvi. Chukua ya chuma kizima, yenye uzito wa gramu 600 au 700, siyo nyepesi. Na kwa huku kwetu nasisitiza iwe ya chuma kisichoshika kutu upesi, ile nyeupe. Smith & Wesson walitoa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1965, Modeli 60, na kwa mtu wa pwani hiyo ndiyo ya kuchukua, maana ile nyeusi ya kuvutia haikawii kuisha uzuri wake. Niliwahi kuletewa rivolva nyeusi na mwenye duka wa Mambrui. Aliiweka kwenye ala ya ngozi, akaifungia kwenye droo, akasafiri wiki tatu. Alipoichomoa, alama za vidole vyake vinne zilikuwa zimechorwa kwenye silinda kwa kutu ya rangi ya machungwa, kila mstari wa ngozi unausoma. Jasho lake na chumvi ya hewa yetu, basi. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Bastola ilale nje ya ala, ndani ya sefu iliyofungwa kwa skrubu ukutani, imepakwa mafuta mepesi kwa kitambaa, na hata hiyo nyeupe uifute. Haioti kutu upesi, lakini inaota.

Pesa za duka nazo nisipozitaja nitakuwa nimekuuzia dawa bila kukupima. Aliyekuvamia alijua saa unayofunga. Bastola kiunoni haibadilishi saa hiyo, na mwenye kujua unayo atakuja kwa ajili yake. Wateja wako wakubwa walipie kwa simu, pesa taslimu zisikusanyike, na njia na saa zisiwe zile zile. Nina wanafunzi wawili hapa Malindi ambao walipofanya hayo waliniambia bastola sasa inalala sefu muda mwingi. Hawakuirudisha, wala sikuwaambia wairudishe.

Mpango wangu kwako ni huu. Usilipe arubuni popote mwezi huu. Tafuta mkufunzi aliyesajiliwa mwenye uwanja wa shabaha, umwambie unataka kufyatua aina mbili siku moja, rivolva ya chuma kizima na bastola ya magazini, risasi ishirini ishirini, umbali wa hatua saba. Kwenye rivolva akuonyeshe mahali pa kuweka dole gumba, maana moto unaotoka kwenye ule uwazi unachana ngozi. Hesabu matundu kwenye karatasi, halafu tazama kidole chako jioni. Kama una tatizo la viungo au ganzi mikononi, pita kwanza kwa daktari, na usimfiche kuwa unataka kushika silaha. Ukishajua ni ipi, ndipo urudi kwa afisa wa leseni na barua yako, kisha duka la tatu na maswali yale ya risiti. Ikiwa ni rivolva, jitayarishe kusubiri miezi. Ikiwa ni Ceska, ipo dukani kesho.